Tende, Mabibo na Kopo la Jibini

Shule ya bweni ya misheni ilinifundisha kushona, kupiga pasi na kuandaa vitafunio vya Kizungu. Nilipoolewa Newala, miaka ile ya mwisho ya Waingereza, kushona hakuna aliyekuulizia. Vitafunio ndivyo vilivyonifuata. Kila penye ubatizo au posa, ukoo wa mume wangu ulisema, "Yupo mkamwana wetu aliyesoma."

Safari hiyo ilikuwa posa ya wifi yangu. Wageni walikuwa walimu na watu wa kanisa kutoka Lulindi, na mume wangu, mwalimu mwenzao, hakutaka kuaibika. Alishuka Masasi kwa baiskeli akarudi na tende na kopo la jibini kutoka duka la Mhindi.

"Si kazi kubwa," aliniambia. "Hata moto huwashi."

Kweli, moto hauwashwi. Unapasua tende, unatoa kokwa, unatia kipande cha jibini na korosho iliyokwisha kukaangwa, unachoma kijiti cha mwanzi kishikilie. Lakini ulikuwa msimu wa kiangazi, na maji tuliyachota bondeni, chini kabisa ya mteremko. Nilikuwa nimetoka huko tangu alfajiri, nimepanda na debe kichwani na mimba ya kwanza tumboni. Miguu ilikuwa imevimba hadi nikahisi si yangu.

Nilikaa kwenye mkeka ukumbini, sinia mbele yangu. Nilipasua tende chache. Jibini ilikuwa imeanza kulainika kwa joto, inanata kisuni. Nakumbuka nikiwaza nifumbe macho kidogo tu.

Aliyeniamsha ni mama mkwe. Alikuwa amechuchumaa, ananitoa kisu mkononi taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto.

"Shikamoo, mama," nikasema kwa kubabaika, maana tulikuwa tumeshaamkiana asubuhi.

"Marahaba. Utajikata."

Mama huyu tangu nimeingia kwake aliviita vitafunio vyangu chakula cha panya. Nilingoja anigombeze. Akatazama sinia, akasema, "Hizi tende hazitoshi watu wa Lulindi. Wale wanakula."

Akaingia ndani, akatoka na ungo wa mabibo, yale matunda ya mkorosho, aliyoyakamua na kuyaanika juani, yamekunjamana, rangi ya ngozi ya kiatu. Akanawa mikono. Akaketi.

"Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Vipande vyake vya jibini vilikuwa vikubwa mno, na nilipomwambia apunguze alijibu kwamba mgeni hapewi kitu cha kutafuta kwa ulimi. Bibo lake la kwanza tuligawana nusu kwa nusu. Utamu wenye ukakasi, kisha chumvi ya jibini. Alitafuna muda mrefu.

"Lanuka soksi," akasema mwishowe. "Lakini linalika."

Nilicheka, halafu machozi yakanitoka bila sababu, nikashindwa kuyazuia. Alivuta sinia upande wake.

"Kalale, mwanangu."

"Wageni je, mama?"

"Wageni wanakuja kuposa binti yangu, hawakuja kukutazama wewe. Kalale."

Nikaenda. Nilisikia vigelegele vyao kwa mbali, wala sikunyanyua kichwa. Baadaye wifi alinisimulia kwamba shangazi mmoja wa bwana harusi alitemea jibini kwenye kanga yake, na kwamba mabibo yaliisha kabla ya tende. Mume wangu alikuja mlangoni jioni akauliza kama naumwa.

"Nimechoka," nikamwambia. Sikuwahi kumwambia hivyo kabla. Alisimama pale akishika fremu ya mlango, kisha akaenda kunikorogea uji.

Tangu posa ile, wanawake wa jirani walipotaka vitafunio walimwendea mama mkwe. Alikuwa akilalamika kwamba hawampi nafasi ya kupumua, na kesho yake unamkuta ameanika mabibo mengine.