Indiketa ya Kushoto, Njia ya Pugu

Kwa nini kilichoniuma kwanza kilikuwa kicheko cha vijana wa bodaboda, ilhali kwenye kiti cha nyuma mama wa watu alikuwa anatetemeka? Jibu sijalipata hadi leo. Aibu yenyewe sina haja ya kuificha, maana nusu ya Kinyerezi wanaijua.

Kila asubuhi nilikuwa nampeleka shule binti yangu Neema pamoja na watoto wa majirani wawili, akiwamo mjukuu wa Mama Zuhura. Siku za karibuni bibi yake huyo alianza kulalamika kwamba nakimbiza gari. Nikajiandikisha mtihani wa udereva wa kujihami, ule wa madereva wazoefu wanaotaka kunoa ujuzi wao, na (hapa ndipo nilipojiponza) nikamwalika mama huyo apande nasi, ashuhudie mwenyewe, ili asimtoe mtoto kwenye gari langu. Mtahini, mwanamke mtulivu wa rika langu, hakupinga.

Mpaka njia ya Pugu niliendesha kama ninayepigwa picha. Mbele yetu lori la mchanga lilikuwa likipanda taratibu kuelekea kwenye kona, likawasha indiketa ya kushoto, na kila dereva wa hapa mjini anajua maana yake: mwenye lori ameona mbele kuko wazi, anakuruhusu upite. Nikapiga honi ya shukrani, nikatoka, nikakanyaga mafuta, mara basi likachomoza kwenye kona likitujia usoni, Mama Zuhura akapiga ukelele, mtahini akavuta breki ya mkono, gari letu likazimika katikati ya barabara, nalo basi likasimama karibu mno, hata nikamwona dereva wake amefumba macho.

Lori lilikuwa linakata kushoto, linaingia kituo cha mafuta.

"Mzee, hapo si pa kupaki!" akapaza sauti bodaboda mmoja. "Au unasubiri abiria?" Wenzake wakaangua kicheko, nami nahangaika na ufunguo, gari haliwaki.

Lilipowaka, nikalisogeza pembeni, na mtahini akaniuliza, "Uliona nini mbele?"

"Aliniruhusu nipite."

"Nani?"

"Dereva wa lori."

"Alikuwa anakwenda kujaza mafuta, baba. Hata hakuwa na habari nawe. Mtihani umeishia hapa."

Nikamrudisha Mama Zuhura hadi getini kwake. "Ahsante kwa lifti, Baba Neema," akasema kwa upole, akaingia ndani. Angenitukana ningepumua. Katika upole ule nilielewa kwamba hangeweza kunikatalia. Kumtoa mjukuu kwangu angeona ni kuvunja ujirani, na kesho angemkabidhi tena huku moyo ukimdunda.

Asubuhi iliyofuata niliacha gari ndani, nikaenda kwake kwa miguu. Mtoto alikwishavaa sare.

"Shikamoo, mama. Sitawapeleka watoto mpaka nifaulu ule mtihani. Naomba umtafutie mjukuu usafiri mwingine; hata mie Neema namtafutia."

Alishika nguzo ya geti. "Marahaba, baba. Mie usingizi sikuupata, nawaza nitakwambiaje."

Nikamuaga, nikaenda kubisha kwa jirani wa pili.