Ng'ombe Pembeni mwa Picha

Saa tisa na dakika kumi alasiri, siku ya Jumamosi, nilishusha pazia la banda la video nililokodi Mikumi na kuwasha projekta. Jumatatu ningesimama mbele ya walimu wa chuo kimoja cha Morogoro, nao wangeamua kama mtu aliyejisomea mwenyewe, asiye na shahada, anaweza kufundisha filamu bubu. Nilitaka kwanza kuujaribu mhadhara wangu kwa watu wasionijua. Majirani zangu wa Magomeni, kule Kilosa, wamenizoea mno, wangenisifu tu.

Walikuja watu thelathini na saba, kila mmoja kwa shilingi mia tano. Dakika ya kwanza haikuisha.

"Sauti imekata!"

"Haijakata," nilisema. "Filamu hii haina sauti tangu ilipotengenezwa."

"Basi rudisha nusu ya hela, tumelipia macho na masikio!"

Wakacheka, wakatulia.

Filamu inahusu mume na mke wakulima wanaohamia mjini. Mume yuko juu ya mkokoteni, anangoja. Mke anatoka na mzigo, anarudi ndani, anatoka tena. Mwishowe anauweka mzigo chini. Nakala yangu inakatikia hapo, na sijapata nyingine. Nilikuwa nimeandika kurasa kumi na nne kueleza kwamba mwanamke yule anauogopa mji, nikaanza kuzisoma.

Mzee mmoja mfugaji, aliyekaa benchi la mbele na fimbo katikati ya magoti, aliinua mkono.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Haogopi mji huyo. Ng'ombe wake anazaa."

"Ng'ombe yupi?"

Banda zima likaangua kicheko.

"Mwalimu kasomea watu," mama mmoja alisema kutoka nyuma, "ng'ombe hawakuwemo kwenye mtihani!"

Nilirudisha picha nyuma, nikaipunguza kasi. Pembeni kushoto, ng'ambo ya uzio, alikuwepo ng'ombe: kiwele kimejaa, mkia umeinuka, analala na kusimama tena. Kila alipolala, mwanamke aligeuka. Sehemu hiyo nilikuwa nimeitazama zaidi ya mara sitini, daftari mkononi, na macho yangu hayakuwahi kutoka usoni mwa mwanamke.

"Sasa atahamaje?" mzee aliuliza. "Wewe ungemwacha?"

Nikasema nisingemwacha.

Jumapili nilifuta kurasa tisa. Jumatatu niliwaonyesha walimu nilichoonyeshwa, nikawaambia wazi kwamba aliyekiona ni mfugaji wa Mikumi. Mmoja wao aliinuka, akausogelea ukuta ili amtazame ng'ombe vizuri. Walinipa mkataba wa muhula mmoja. Sasa niko muhula wa kumi na mbili, na somo la kwanza huwa ni hilo: tazama pembeni.

Banda nililikodi kwa elfu thelathini. Viingilio vilifika elfu kumi na nane na mia tano. Siku ile nilipata hasara ya shilingi elfu kumi na moja na mia tano.