Barua Yenye Alama ya Kuuliza

Mama Pasi alinyoosha mashuka ya hoteli moja kwa miaka kumi na tisa, na jina lenyewe alipewa na wenzake. Alipochoka kusomewa matangazo ya kazini, alijiandikisha darasa la Kiingereza la watu wazima, kila Jumamosi mchana. Huko wakafundishwa kutambua aina za sentensi: inayotoa taarifa, inayouliza, inayoamuru na inayoonyesha mshangao. Alizishika zote barabara.

Siku moja akaletewa barua ya meneja, mstari mmoja tu: "Would you like to move to the kitchen?" Akaisoma mwenyewe, akatabasamu. Kumbe anaulizwa kama angependa kuhamia jikoni! Mgongo wake haukuweza tena kuinamia masufuria, na hilo hotelini lilijulikana. Akaandika chini ya swali, kwa heshima zote: hapana, asante.

Siku mbili baadaye likaja onyo: amekaidi amri.

Damu ikamchemka. Hakuvua hata aproni; akapanda ngazi mpaka ofisini.

"Bosi, nimekaidi amri gani?"

"Ya kuhamia jikoni, mama. Si ulipewa barua?"

"Nilipewa swali." Akaitandaza barua mezani, akagandisha kidole kwenye alama ya kuuliza. "Hiki ni nini?"

"Hiyo ni adabu tu. Kwa Kiingereza tunaamuru kwa upole."

"Upole gani wa kumwuliza mtu, akijibu mnamwadhibu? Kama ni amri, niamuru! Msinitegee maneno kama panya!"

Karani akainamisha uso kuficha kicheko. Meneja akaigeuza barua huku na huku, akakohoa, mwishowe akakubali kulifuta onyo. Radhi hakuomba.

Jumatatu ikaja barua nyingine, safari hii bila swali: ahamie jikoni mara moja. Mama Pasi akaenda, maana wanawe walikuwa bado wanasoma na mshahara aliuhitaji. Wenzake wakaanza kumletea barua zao saa ya chakula, awatambulie wanaulizwa au wanaamriwa. Alifanya hivyo huku mikono ikinuka sabuni ya vyombo, na hasira haikumtoka.

"Walijua mgongo wangu, wifi," alisema jioni moja, akikandwa kiuno kwa maji moto. "Waliniuliza, nikawajibu, wakajifanya viziwi. Hilo siwasamehe."

"Usiwasamehe," wifi yake akamjibu, akaendelea kukanda.