Miguu ya Muuaji

Mama anayetengeneza sauti za hatua studioni kwetu, hapa London, humwita kila mtu "mpenzi," hata mwongozaji. Hutazama miguu ya waigizaji kwenye skrini, naye akatembea sawasawa nao ili mimi nirekodi. Magoti yanamsumbua, lakini muwashie filamu uone! Filamu ya wiki hii ni ya mpelelezi anayemsaka muuaji wa wanawake, enzi za Malkia Victoria. Mama anavaa buti za kiume, anayamwagia maji mawe anayokanyagia, anakunja sketi, anaanza: ko, ko, ko! Nywele zinanisimama. Kabichi aliyoichoma kisu kutoa sauti ya mauaji iko kando ya chai yake, na anaitafuna.

Sehemu ya mwisho, muuaji anapofichuliwa, mwongozaji wetu Crispin ametuficha hata sisi, siri isivuje. Jana alipoingia, mama akasimama ghafla katikati ya hatua.

"Ni kasisi!" akapiga kelele, kajishika kiuno kwa kicheko. "Kasisi ndiye anayewaua!"

Crispin akawa mwekundu. "Nani kakwambia?"

"Aniambie nani, mpenzi? Umemfunika uso, umemvika kofia, ukamjazia na ukungu. Lakini mimi natembea naye tangu Jumatatu. Kisigino cha kushoto anakiburuta kanisani, na uchochoroni anakiburuta vilevile."

Crispin akakaa juu ya sanduku la viatu. Mama akamega kabichi.

"Na huyo mpelelezi wako anayehangaika saa mbili nzima, mwambie atazame chini."