Nywele Zilizompukutika Karwirwa

Baridi ya Julai ilipoingia Meru, Karwirwa, mama yake Mwiti na muuza ndizi wa soko la Gakoromone, alikuta chanuo lake limejaa nywele. Moyo ukamlipuka. Marehemu dada yake alianza hivyo hivyo, kisha akakonda, wakamzika. Karwirwa akawa anazichoma nywele zake jikoni kwa siri, kitambaa hakimtoki kichwani, hata mumewe asijue. Mwishowe akaenda kwa Makandi, msusi wake, akakivua kile kitambaa.

“Mama Mwiti, hata mwaka jana wakati wa baridi zilipukutika hivi nilipokusuka, ila hukuziona,” Makandi alisema. “Ona, vinywele vipya vinachipua. Tusizisuke kwa kukaza, na uzipake mafuta.”

Karwirwa alilia kwa faraja. Hata hivyo, kila asubuhi alishika chanuo kwa woga, mpaka mvua za Oktoba zilipofika na nywele zikaacha kupukutika.