Karibu ya Tatu

Juzi nilirudi Gisenyi kwa mazishi. Mwenye nyumba akaniambia, "Karibu ukule," nikajibu nimeshiba, akaondoa sahani. Hakukosea. Ni mimi niliyebaki na adabu ya zamani, na njaa yangu. Basi, rafiki yangu, nikamkumbuka jirani yetu.

Miaka ile ya hamsini, katika mtaa wetu wa Waislamu, mtu akikukuta unakula unamkaribisha. Anasema ameshiba. Unamkaribisha tena, anakataa tena huku anavua viatu. Mara ya tatu ananawa. Wote tulijua ni uongo, lakini haukumuumiza mtu. Ulimpa mgeni nafasi ya kukubali bila kuonekana mroho.

Nyumba ya pili aliishi mke wa dereva wa lori na mtoto wake wa miezi michache. Dereva alikwenda Bukavu, mvua zikaanza zikaisha, hakuna habari. Mama yule akaanza kupita kwetu saa sita, bibi yangu anapoipua sombe, yale majani ya muhogo, na ua mzima unanukia mawese.

"Karibu, mama, tukule."

"Aksanti, bibi. Mi nimeshashiba."

"Bon, haya."

Bibi akaendelea kumega bugali. Wengine wote aliwaita mara tatu. Huyu, mara moja tu.

Siku moja alipotoka, shangazi akacheka: "Mutu gani huyu, kila saa sita anatembeza shibe yake!"

"Nyamaza, we!" bibi akamkemea. "Atasikia."

Sijui kama hakusikia. Kesho yake alirudi, mtoto ananyonya, anaachia, analia. Nikashindwa kuvumilia. "Karibu, mama..." Bibi akaniangalia. Nikamalizia: "...maji." Akanywa kopo zima, akanishukuru kama vile mimi ni mtu mzima.

Sitaki kumsingizia bibi. Tulikuwa saba kwa sufuria moja, na kitenge cha kumbebea yule mtoto, bibi ndiye aliyempa. Labda aliogopa kwamba akiita mara ya tatu leo, ataita kila siku. Lakini ile karibu aliisema akijua itakataliwa, na hapo nashindwa kuiita adabu. Na yale maji yangu? Nayo sijui niyaiteje.

Mwisho kaka wa yule mama alikuja kutoka Mahoko kumchukua. Maziwa yalikuwa yamemkauka. Bibi alilia barabarani, machozi ya kweli, nadhani. "Jamani, mwanangu, si ungesema tu!"

Mama yule akainama. "Mulinitunza vizuri, bibi. Mungu awalipe."

Mpaka leo sijui kama alikuwa anatushukuru au anatusuta.

Bibi hayupo, shangazi hayupo, ua wetu umejengwa maduka. Sina wa kumuuliza. Nikijaribu kuukumbuka uso wa yule mama, hauji. Namuona mtoto tu mgongoni kwake, wanapanda njia ya Mahoko, amegeuza shingo anaangalia moshi wa jiko letu.