Sanduku la Chuma la Waifai

Nyundo ilikuwa ile ya kupasulia mawe, na mpaka leo nikiishika viganja vinaniwasha. Lakini nianze na wezi, maana bila wezi hakungekuwa na sanduku.

Walituingilia jioni moja mvua ikinyesha, hapa kwetu nje ya Kitale, kwenye barabara ya kwenda Endebess. Walimpiga mume wangu rungu la kichwa akaanguka chini ya meza, damu ikatapakaa sakafuni, wakabeba televisheni, redio na hata sufuria ya nyama iliyokuwa mekoni. Rungu waliliacha. Mume wangu alipopona akaliweka nyuma ya mlango, na tangu siku hiyo yule mtu mpole niliyeolewa naye akawa haamini kitu ila chuma. Alitia chuma madirishani, akatia mlangoni, na tulipovuta intaneti akaenda kwa mafundi wa kuchomelea mjini wakamtengenezea sanduku la bati nene la kuwekea rauta, kile kidude cha kurusha waifai, lenye kufuli na tundu moja tu la kupitisha nyaya. Alilipigilia ukutani kwa misumari mirefu. Nikamwambia mwizi akiliona atadhani tumeficha dhahabu. Hakucheka.

Mimi intaneti niliitaka kwa sababu ya mama. Mama anaishi kwa mdogo wangu, Bungoma mjini. Kiharusi kilimnyang'anya sauti na mkono wa kulia. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa zamani. Baba alilipasua kwa kofi nikiwa darasa la chini, eti ugali umechelewa. Nilikuwa nimesimama hapo na sahani mikononi. Kwa hiyo simu ya kawaida haimfai mama, na bando za simu zilikuwa zinaisha kabla hajamaliza jambo moja. Kila Jumapili tukitoka kanisani tunapigiana kwa video, naye anaongea kwa macho na mkono uliobaki. Akikunja ngumi, anataka chai. Akipapasa kifua, anasema amenikumbuka.

Picha ilikuwa inakwama kila mara. Mama anakwama mdomo wazi, jicho moja limefumba, na mimi nakaa mbele ya simu nikimwomba Mungu huo usiwe ndio uso wake wa mwisho kuuona. Niliogopa sana, sitaki kudanganya.

Mume wangu hakujua ninachosema. Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Hawapeani mkono, hawali meza moja, na wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye mahindi. Simu ya Bungoma ikilia, yeye alikuwa anachukua kofia yake na kutoka nje. Nilipomwambia tuhamie kifurushi cha spidi kubwa, akasema nataka kutazama filamu tu. Tukagombana. Nikavunja sahani, yeye akapiga teke kiti mpaka kikang'oka mguu. Mwishowe akakubali, na kampuni ikatupandisha kutoka huko huko ofisini kwao, bila mtu kufika kwetu.

Jumapili iliyofuata nikaegemeza simu kwenye kopo la sukari, nikapiga. Mama alikunja ngumi, akakwama.

Nilipiga kelele mpaka mume wangu akachungulia dirishani.

"Ati bado? Si nimelipa ile kubwa?"

"Imekwama! Njoo uone mwenyewe, hata yeye hatuoni!"

Katika chumba chetu cha nje alikuwa amepanga fundi wa nguo, mtu wa Naitiri, mwenye tabia ya kucheka na simu yake huku akishona. Wakati huo huo akaangua kicheko. Mume wangu akageuka.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, akaingia akachukua rungu nyuma ya mlango.

Alimburuta fundi kwa kola mpaka sebuleni. "Nionyeshe vile unaingia kwa hii sanduku yangu! Nionyeshe!"

"Mzee, mimi natumia bando zangu! Paswadi yenu hata siijui, bana!"

Rungu likamshukia begani, kisha kwenye mkono aliouinua kujikinga, na mfupa ukalia. Fundi akapiga magoti, akajing'ata mdomo, damu ikadondokea zulia. Nikamrukia mume wangu kwa nyuma. Akanisukuma nikagonga kabati, vikombe vikaniangukia kichwani.

Hapo ndipo nilipotoka nikaichukua ile nyundo. Kuna mawe nyuma tulikuwa tunapasua ya msingi wa zizi la ng'ombe. Nilirudi nayo, na hasira niliyokuwa nayo sijawahi kuwa nayo tena. Kama ni hicho kidude kinatuua, basi kife chenyewe. Nikapiga sanduku. Nikapiga tena, kufuli likaruka, mlango wake ukajikunja ukaanguka. Nikaivuta rauta nje ikaning'inia kwenye nyaya zake, taa zinawaka, nikainua nyundo niimalize.

"Dada!" Sauti ya mdogo wangu ilitoka kwenye simu, safi kabisa. "Dada, weka hiyo nyundo chini. Mama anawaona nyote."

Niligeuka. Mama alikuwa pale, hakwami, mvi zake zote zinaonekana, machozi yanamtiririka. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama mkwe wake, aliyesimama juu ya mtu anayelia, rungu mkononi. Naye alikuwa anamtazama mama, kwa mara ya kwanza tangu anioe. Akapapasa kichwani kutafuta kofia. Ilikuwa imeanguka.

Mama akainua mkono wa kushoto polepole, akafunika nao lile sikio lililokufa.

Mume wangu alijua habari ya hilo sikio. Nilimsimulia tukiwa wachumba, na siku hiyo alilia. Akaachia rungu, akatoka mbio, na mimi nikampeleka fundi hospitalini mkono umefungwa kwa leso yangu. Alipopona alihamia Saboti na cherehani yake. Mume wangu akapeleka mbuzi Bungoma kwa ajili ya ile aibu. Mdogo wangu anasema mama hakumtazama hata huyo mbuzi.

Majirani wananiuliza kama kifurushi kikubwa kinafaa. Nawaambia tulirudi kwa kile cha zamani na picha haikwami. Spidi tulikuwa nayo siku zote, ni sisi tulioifungia ndani ya chuma kwa kufuli. Sanduku tuliling'oa ukutani, kuku wanatagia humo.

Jumapili mama akija kwenye simu, siku hizi haanzi na chai. Anazungusha kidole, maana yake nigeuze kichwa. Nageuza, anatazama sikio la kushoto. Nageuza tena, anatazama la kulia. Namwambia, mama, hajanigusa. Anazungusha kidole tena.